Magugu yanarudi kwenye nyasi zako? Anza na dalili

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu nyasi za uani ni "nimwage nini?" Nalielewa. Umepanda nyasi, umezimwagilia, umezisubiri zifunge, halafu asubuhi moja unatoka na kukuta majani mapana yamejitokeza katikati bila hodi. Hamu ya kwanza ni kutafuta kitu cha kumwaga ili magugu yafe na nyasi zibaki.

Ugumu ni kwamba nyasi nazo ni mimea. Karibu kila kitu cha nyumbani kinachounguza gugu kinaunguza na unyasi ulio jirani yake, kwa sababu hakijui kuchagua. Vinavyochagua ni urefu unaokatia, maji unayotoa, ulaini wa udongo na chakula kilichomo. Gugu linaota pale ambapo nyasi zimeshindwa kufunga nafasi, na aina ya gugu huwa inaonyesha zimeshindwa kwa nini. Ukishajua hilo, kazi inakuwa ndogo kuliko ulivyoogopa, ingawa haiwi ya siku moja.

Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako. Nyingine ziruke.

Kabla ya kugusa chochote

Ng'oa gugu moja likiwa zima. Usilivute, chimba kulizunguka kwa koleo dogo, litoe na udongo wake, kisha suuza mizizi kwenye ndoo ya maji. Mizizi mifupi kama nyuzi mara nyingi ina maana gugu hili huishi msimu mmoja na linategemea mbegu. Mzizi mmoja mnene ulioshuka wima kama kigingi ni wa gugu linalochipua tena likikatwa. Ukiona viazi vidogo vyeusi, au kamba nyeupe zinazotambaa chini kwa chini zikiwa na vifundo, jiandae kwa safari ndefu.

Halafu chukua bisibisi ndefu. Mwagilia sehemu moja vizuri, ngoja hadi kesho yake, kisha isukume ardhini kwa mkono. Ikizama sentimita 15 bila kuhangaika, udongo ni mzuri. Ikigoma baada ya urefu wa kidole, umeshindiliwa, na hata ung'oe magugu kila Jumamosi yatarudi.

Mwisho, simama pembeni uangalie magugu yamekaa wapi. Yamefuata njia ya miguu? Yako chini ya mti? Yamezunguka bomba linalovuja? Au yametapakaa kote sawasawa kama yaliyomwagwa kwa mkono? Mkao wake utakuambia mengi kuliko jina lake.

Dalili: "Naling'oa leo, wiki mbili baadaye limerudi na wenzake"

Mshukiwa wa kwanza ni ndago. Chuma shina moja uliviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Shina la nyasi ni duara au bapa. La ndago lina kona tatu na utazihisi kabisa. Alama nyingine ni mwendo wake: siku mbili au tatu baada ya kukata nyasi, ndago huwa imeshachomoza juu ya zote, ikiwa na majani yanayong'aa.

Chini ya ardhi ndiko kwenye mambo. Viazi vya ndago ya kawaida, ile yenye maua ya hudhurungi-zambarau, vimeunganishwa na nyuzi nyembamba mithili ya tasbihi. Kiazi kilichochipua kinawazuia walio nyuma yake kuchipua. Ukivuta shina kwa hasira, uzi unakatika, kiazi cha kwanza kinatoka au kinabaki, na vile vilivyokuwa vimelala vinaamka. Ndiyo maana mtu hung'oa mmoja akapata watatu, akadhani jirani anamroga.

Dawa yake ya asili ni njaa. Kila kiazi kina akiba ya chakula, na kila kinapotoa majani mapya kinatumia sehemu ya akiba hiyo. Majani yakiachwa juani wiki kadhaa, yanairudisha akiba na kuanza kutengeneza viazi vipya. Kwa hiyo unatakiwa kuyaondoa kabla hayajalipa deni. Pita kila baada ya wiki mbili, tatu zikizidi, kila mara ndago ikiwa bado na majani machache. Tumia kisu kirefu chembamba au koleo la kuhamishia miche, ingia pembeni hadi sentimita 15 hivi ambako viazi vingi hukaa, nyanyua bonge lote, pepeta kwa vidole, toa viazi, rudisha udongo na ukandamize nyasi mahali pake. Usipotaka kuchimba, basi walau kata juu kwa ratiba hiyohiyo bila kukosa. Inachelewa zaidi, lakini inafanya kazi. Kitu kisichofanya kazi ni kung'oa kwa bidii mwezi mmoja, kupumzika miwili, halafu kurudi. Mapumziko hayo unawapa wao.

Hesabu msimu mzima, pengine miwili. Wakati huohuo punguza maji. Ndago hupenda ardhi yenye unyevu wa kudumu, na mara nyingi nimeikuta ikianzia kwenye bomba linalodondoka au pale mpira wa kumwagilia unapoachwa kila jioni. Haipendi kivuli, hivyo nyasi nene zilizoachwa ndefu kidogo huidhoofisha. Viazi ulivyochimbua usivitupe kwenye shimo la mboji; vianike juani juu ya zege au bati mpaka vinyauke na kukauka kabisa.

Kama si ndago, basi huenda ni magugu yenye mzizi wa kigingi, mchunga na jamaa zake. Haya yanarudi kwa sababu umekata shingo ukaacha mwili. Yang'oe asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini, kwa kifaa chembamba chenye ncha iliyogawanyika mara mbili: kiingize sambamba na mzizi, tikisa, halafu ndipo uvute. Mzizi ukikatikia chini usivunjike moyo. Rudi majani mapya yakitokea, na tena, na tena. Kila mara mzizi unabaki na akiba pungufu.

Sangari sina njia ya kuipamba. Ni nyasi ndani ya nyasi, inatembea kwa kamba za chini, na hakuna kitu cha asili kitakachoiua ikaacha nyasi zako. Kiraka kidogo chimba chote, chekecha udongo, toa kila kipande cha kamba, maana kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kuanza upya. Kiraka kikubwa, nenda sehemu ya mwisho ya makala haya. Ukoka ukivamia aina nyingine ya nyasi hali ni hiyohiyo, ila kwa ukoka nina maoni tofauti: kama uwanja una jua la kutosha, mara nyingi ni afadhali kuuacha ushinde. Wengi wanaupanda kwa makusudi.

Dalili: "Nilimwaga siki, sasa nina duara la kahawia"

Hapa naandika kwa uzoefu wa aibu. Zamani nilichanganya siki, chumvi na sabuni ya maji, nikanyunyizia magugu saa sita mchana. Jioni yalikuwa yamenyauka na nikajiona mganga. Baada ya siku nne nyasi zote za eneo lile zilikuwa zimekauka pia. Baada ya mwezi, kitu cha kwanza kuota kwenye kipara kile kilikuwa magugu, mengi kuliko ya mwanzo.

Siki ya nyumbani ina asidi kama asilimia 5. Inaunguza jani inaloligusa, bila kujali ni jani la nini, na haishuki kwenye mizizi. Miche midogo yenye majani mawili au manne inaweza kufa. Gugu lenye mzizi wa kigingi linatoa majani mapya kana kwamba hakuna kilichotokea. Siki kali ya bustani yenye asilimia 20 inaunguza vizuri zaidi, na inaweza kuharibu macho na ngozi yako vilevile.

Chumvi ni mbaya zaidi kwa sababu haiondoki. Sodiamu inasambaratisha zile chembe za udongo zilizoshikana kwa utaratibu, vinyweleo vya hewa na maji vinaziba, na mizizi ya nyasi inashindwa kunywa hata maji yakiwepo. Magadi nayo ni sodiamu. Maji yanayochemka hayaachi sumu, lakini yanapika kila yanachokigusa. Siki na maji ya moto nimeviwekea kazi moja tu, kwenye nyufa za vigae na kando ya zege, mahali ambapo sitaki kitu chochote kiote.

Kama ulishamwaga chumvi, kwatua udongo, mwagilia kwa wingi mara kadhaa mahali ambapo maji yanapita chini na kuondoka, changanya mboji, halafu panda nyasi upya. Ikiwa ulimwaga nyingi sana, toa udongo wa juu wote ulete mwingine.

Kitu pekee cha kunyunyizia ninachoweza kukitetea kwenye nyasi ni dawa za madini ya chuma, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya magugu ya majani mapana. Majani mapana yanafyonza chuma kingi kupita kiasi yanageuka meusi, nyasi hazidhuriki kirahisi. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko, na usiache imwagikie zege kwani doa la kutu halitoki. Kwa ndago na magugu ya jamii ya nyasi haisaidii.

Dalili: magugu yamelala chini, mashine inapita juu yake

Mziwaziwa unaujua ukiukata: utomvu mweupe unatoka papo hapo (usiuguse halafu ukapikicha macho). Mbigili utaujua kwa mguu. Haya mawili na mengine ya mkao huo hutambaa chini ya kisu cha mashine, na hupenda mahali nyasi zimekatwa hadi udongo unaonekana.

Sababu, mara tisa kati ya kumi, ni kukata chini mno. Mtu anakata mpaka mwisho ili akae muda mrefu bila kukata tena. Matokeo yake jua linaufikia udongo, mbegu ndogo zinazohitaji mwanga zinaamka, na nyasi zenyewe zimepoteza majani yaliyokuwa yanalisha mizizi. Nyasi za majani membamba za jamii ya ukoka zipe sentimita 3 hadi 5. Zile za majani mapana zinazotambaa zipe 6 hadi 9. Na kila unapokata usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Zikiwa zimekua kupita kiasi kwa sababu ulisafiri, zishushe kwa awamu mbili au tatu, siku chache kati ya awamu na awamu. Kisu kiwe kikali. Kisu butu kinachana ncha za majani, zinabaki nyeupe kama zimepigwa na jua.

Utashangaa. Pale nilipopandisha mashine ngazi moja tu, bila kung'oa kitu, mziwaziwa ulipungua wenyewe msimu uliofuata.

Mbigili hauhitaji subira kama ndago. Mmea umetandazwa kama gurudumu, na matawi yote yanatoka kwenye kitovu kimoja. Inua matawi kwa upande wa kisu mpaka ukione kitovu, kata mzizi sentimita mbili chini yake, kwisha. Ufanye hivyo maua ya njano yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka, kabla miiba haijakomaa, kwa sababu kila punje ya mwiba ni sanduku la mbegu. Miiba iliyokwisha kudondoka, buruta gunia au blanketi kuukuu juu ya eneo lile. Itang'ang'ania humo na utaitupa na gunia lake.

Kishona nguo kiko upande wa pili: kinasimama wima, kinaishi msimu mmoja, na mashine ikipita kabla hakijatoa mbegu kimekwisha. Ukikiona kinazaa kwenye nyasi, tatizo ni ratiba yako ya kukata.

Dalili: magugu yamefuata njia ya watu, langoni, chini ya kamba ya kuanikia nguo

Hapa bisibisi itakuwa imekujibu tayari. Utakuta gugu linalofanana na nyasi, lililolala kama spoki za baiskeli, sehemu ya katikati ikiwa bapa na nyeupe ya fedha, gumu kung'oa hata kwa mikono miwili. Au utakuta lenye majani mapana ya mviringo yaliyokaa chini kama sahani, mishipa ya jani ikienda sambamba toka kitako hadi ncha. Yote mawili yanavumilia udongo ulioshindiliwa, ambao hauna hewa. Nyasi zako haziuvumilii.

Chukua uma wa bustani, usukume sentimita 10 chini, uyumbishe mbele na nyuma, utoe, usogee sentimita 10 hadi 15, urudie. Inachosha, sitakudanganya, lakini eneo la mlangoni si kubwa. Chombo chenye mirija inayotoa vipande vya udongo ni bora zaidi ya meno ya uma, maana uma unatengeneza tundu kwa kusukuma udongo pembeni. Fanya hivyo nyasi zikiwa kwenye kasi ya kukua, udongo ukiwa na unyevu bila kuwa tope. Kisha tandaza mboji iliyochekechwa, isizidi sentimita moja, uipeleke kwenye matundu kwa ufagio. Kama udongo wako ni wa mfinyanzi, usichanganye mchanga kidogo ukidhani unaulainisha. Mchanga na mfinyanzi vikishikana vinakaribia kuwa tofali.

Na kama watu wataendelea kupita palepale kila siku, weka mawe ya kukanyagia. Nimeona watu wakipanda upya njia moja miaka mitatu mfululizo badala ya kukubali kwamba ni njia.

Dalili: vijani vitatu vitatu vimetanda kwenye nyasi zilizopauka

Kuna mimea miwili tofauti hapa, na inachanganywa sana. Klova ina vijani vya mviringo, mara nyingi vyenye alama hafifu nyeupe kama mwezi mwandamo, na maua meupe ya duara. Mwenzake ana vijani vya umbo la moyo vinavyojikunja jioni, maua madogo ya njano, na ukitafuna jani ni kali kama ndimu.

Chimba klova uangalie mizizi yake: utaona vinundu vidogo. Ndani yake wamo bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Nyasi hazina msaidizi huyo. Kwa hiyo udongo ukiishiwa naitrojeni, nyasi zinapauka na kusinyaa, klova inanenepa. Kuing'oa bila kulisha nyasi ni kufagia maji bomba likiwa wazi. Tandaza mboji iliyoiva mara mbili kwa mwaka, na acha mabaki ya kukata yaoze palepale juu ya nyasi, kwani ni mbolea uliyokwisha kuilipia. Isipokuwa magugu yakiwa na mbegu. Siku hiyo kusanya mabaki yote. Usizidishe mbolea pia. Nyasi zilizoshiba naitrojeni kupita kiasi zinakuwa laini, zinaugua, na zinakutaka kila siku na mashine.

Lakini nikuulize: klova inakuudhi kwa nini? Kabla ya dawa ya 2,4-D kuingia sokoni miaka ya 1940, klova ilikuwa inachanganywa kwa makusudi kwenye mbegu za nyasi za bustani Marekani na Uingereza. Dawa hiyo inaua majani mapana na kuacha nyasi, na kwa kuwa klova ilikufa pamoja na mengine, ikaishia kuitwa gugu. Mimi naiacha, isipokuwa pale watoto wanapocheza bila viatu, wasije wakaumwa na nyuki.

Mwenzake wa majani ya moyo simwachi. Vitumba vyake vikikauka vinapasuka na kurusha mbegu mbali, na shina linatoa mizizi kila linapogusa ardhi. Yeye anatolewa kwa mkono, udongo ukiwa na unyevu, kabla vitumba havijasimama.

Dalili: chini ya mti kuna utando wa kijani, nyasi zimekonda

Hakuna gugu la kulaumu hapa, ni uhaba wa jua. Nyasi nyingi zinataka walau saa nne hadi sita za jua. Punguza matawi ya chini, fungulia maji yaliyotuama, kwatua ule utando kwa reki. Pima uchachu wa udongo. Nyasi nyingi zinaridhika kwenye pH 6 hadi 7, na ukiwa chini ya hapo chokaa ya kilimo inasaidia. Usiweke chokaa bila kupima. Ikiwa mti ni mkubwa na huwezi kuugusa, panda mimea ya kivulini uachane na nyasi pale.

Sehemu hizohizo zenye kivuli na unyevu hupendwa na lile gugu la mashina ya majimaji na ua dogo la buluu. Hilo usipitishe mashine wala fyekeo. Kila kipande chenye kifundo kikianguka kwenye udongo mbichi kinashika mizizi, na moja ya aina zake huficha maua mengine chini ya ardhi na kuzaa mbegu hukohuko. Likusanye kwa mkono, vipande vyote ndani ya mfuko, uuache juani ukiwa umefungwa mpaka viwe uji.

Dalili: magugu mapya kabisa yalikuja baada ya kuweka samadi au udongo

Uliyaleta mwenyewe. Mbegu nyingi hupita tumboni mwa mnyama zikatoka hai, na udongo wa kununua kwa lori huja na viazi vya ndago bila malipo ya ziada. Samadi lazima ioze kwa joto: rundo lifike nyuzi joto 55 hadi 65 za Selsiasi kwa siku kadhaa, ligeuzwe ili la nje liingie ndani, lipate joto tena, mara kadhaa.

Kabla ya kutandaza, fanya jaribio. Jaza beseni lenye matundu samadi au udongo huo, mwagilia, liweke penye mwanga, subiri wiki tatu. Kitakachoota kwenye beseni ndicho kitakachoota uwanjani.

Dalili: kila mvua ikianza, miche maelfu kwa wakati mmoja

Hiyo ni benki ya mbegu iliyomo ardhini, na ni kubwa kuliko unavyofikiri. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William Beal alizika chupa 20 zenye mbegu za magugu huko Michigan, Marekani, ili zifukuliwe kwa zamu. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu zilizoota, baada ya miaka zaidi ya 140. Huwezi kuimaliza benki hiyo. Unachoweza ni kuacha kuweka akiba mpya na kuacha kuifungua. Kila unapochimba unapandisha mbegu juu kwenye mwanga. Kwa hiyo tundu lolote uliloacha kwa kung'oa lizibe siku hiyohiyo: kiganja cha mboji na kipande cha nyasi chenye mizizi kutoka pembezoni. Ningekuwa na nafasi ya kusema neno moja tu kwa mtu anayepalilia, ningemwambia azibe tundu.

Kuna pia gluteni ya mahindi, unga unaobaki baada ya wanga kutolewa. Nick Christians wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa aligundua kwamba unazuia mizizi ya mche unaoanza kuota, na hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ilitolewa mwaka 1991. Kipimo ni kama kilo 10 kwa mita 100 za mraba, siku chache kabla ya mbegu kuota, umwagilie kidogo kisha uache udongo ukauke juu ili mche uliokosa mizizi ufe kwa kiu. Mvua ikinyesha mfululizo wakati huo, mche unapona. Hauui gugu lililokwisha kuota, na utazuia mbegu za nyasi ulizopanda wiki hiyo vilevile. Una naitrojeni kama asilimia 10, hivyo nyasi zilizokomaa zinanufaika. Matokeo ya mwaka wa kwanza huwa ya wastani. Usiutegemee peke yake.

Maji nayo yanahusika. Kunyunyiza kidogo kila siku kunalowesha sentimita mbili za juu, ambako mbegu za magugu ziko, na kuiacha mizizi ya nyasi bila kitu. Mwagilia mara moja au mbili kwa wiki, jumla kama milimita 25, mvua ikihesabiwa. Weka kopo tupu chini ya kinyunyizio upime kwa rula.

Dalili: magugu yamezidi nusu

Acha kupalilia. Eneo lile lianze upya kwa jua. Kata kila kitu chini kabisa, mwagilia mpaka udongo ulowe, tandaza plastiki angavu iliyobana ardhi, fukia kingo zake zote kwa udongo, uiache wiki nne hadi sita za msimu wenye jua kali. Watu wengi huchukua nyeusi. Nyeusi inanyima mwanga, lakini angavu ndiyo inayopasha udongo zaidi. Inaua mbegu na miche ya juu, na nyasi zilizobaki pia, kwa hiyo iweke palipoharibika tu. Viazi vya ndago vilivyo chini vinaweza kupona, nawe utavikuta vikichungulia.

Ukiifunua usilime. Kwangua juu kwa reki, panda vipandikizi vya nyasi kwa kubana, sentimita 10 kati ya kimoja na kingine, si 30 kama wanavyofanya wanaobana matumizi. Mwagilia kila siku wiki mbili za kwanza tu, mpaka ukivuta kipandikizi kikatae kutoka. Kuanzia hapo punguza maji, na ukatae kukata mpaka nyasi zifike theluthi moja juu ya urefu uliokusudia.